Kitanda Nyuma ya Kabati

Mlango wa nyumba yangu hufunguka nusu tu. Bawaba ni nzima. Nyuma yake kuna kochi la watu watatu lililosimamishwa wima, limeegemezwa meza, na juu ya meza kuna magunia mawili ya nguo za kiume. Mimi mwembamba huingia kwa ubavu, tumbo nimelivuta ndani. Mnene hawezi. Kwa miaka mingi nilimshukuru Mungu kwamba akina mama wengi wa kanisa letu amewajalia miili.

Nilisoma hadi darasa la nne. Kiswahili nilikipata Kericho, kwenye mashamba makubwa ya chai, ambako mume wangu na mimi tulichuma miaka saba tukiwa vijana, tukiishi laini moja, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari, na watu wa kila kabila. Majina yao wote ninayo hadi leo, na ya watoto wao, na ya mbwa wa msimamizi. Watu wa hapa Ekerenyo hunijia wakisahau nani alizaliwa na nani, nami huwaambia. Lakini humu sitaandika jina hata moja. Walio hai wana haya zao, na waliokufa sikuwaomba ruhusa.

Nyumba yenyewe ni ya mabati, vyumba vitatu, na sakafu ya saruji ambayo mume wangu aliimwaga kwa mikono yake mwaka tuliorudi kutoka Kericho. Jiko liko kando, kijumba cha udongo, kama kwa kila mtu huku. Siku hizo sebule yangu ilikuwa na viti vinne vya mbao, meza moja na kalenda. Siku ya Sabato, ibada ikiisha, watu walifika bila kualikwa. Nilikuwa nausukuma mlango wote hadi unagonga ukuta, pa! Huo mgongo wa mlango haujagusa ukuta tena tangu mwanangu wa kwanza alipokufa.

Alikuwa kinyozi Nairobi. Alikuwa na chumba kimoja cha kuishi, kibanda kimoja cha kunyolea, mke, na binti wa miaka sita. Kilichomuua ni kifua. Aliugua wiki tatu, nasi huku tukiambiwa anaendelea vizuri. Na hakuwa amejenga nyumbani. Kila Desemba alikuja akasema, "Mama, mwaka ujao naleta mabati." Desemba ikaja mara tisa.

Kwetu mwanamume aliyetahiriwa halali katika nyumba ya mama yake, akiwa hai wala akiwa maiti. Kama hana nyumba, jeneza halina pa kushukia. Basi ndugu za mume wangu wakakata miti, wakakanda udongo, wakaezeka mabati ya kuazima, na kwa siku mbili nyumba ikasimama pale chini karibu na migomba. Udongo ulikuwa bado unatoka jasho tulipomwingiza.

Nyuma ya gari la maiti lilikuja lori dogo. Mwenye nyumba huko mjini alikuwa ametaka chumba chake, kwa hiyo kila kitu kilipakiwa kikaletwa pamoja na mwenyewe: makochi, kabati la vioo, mtungi wa gesi, televisheni yenye mgongo mkubwa, kiti cha kinyozi kinachozunguka, kile kioo kirefu cha kibandani, na kitanda. Watu walilia, wakashusha vitu, wakalia tena. Vyote viliingia katika ile nyumba ya siku mbili.

Mkaza mwana wangu alikaa nasi matanga yakaisha, akakaa na miezi kadhaa, kisha akaenda kwao kusalimia na hakurudi. Simlaumu. Alikuwa bado msichana. Mtoto aliniachia.

Mvua za Aprili zilipokuja, ukuta wa juu wa ile nyumba ulilala chini kama ng'ombe aliyechoka. Tukaanza kuhamisha vitu kuja kwangu. Kwa wiki moja, nilisema. Mume wangu alikuwa hai wakati huo. Alisimama barazani akitazama tukipitisha kochi, kabati, kioo.  Kitanda kilipofika mlangoni akaweka mkono.

"Hiki hapana."

"Kitalala mvuani?"

"Hiki ni kitanda cha mwanangu na mke wake," akasema. "Kinaingia nyumba ya nani? Yangu?"

Tuna neno letu, chinsoni. Ni heshima na ni haya, vyote kwa pamoja. Baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mwana aliyekwisha kuwa mwanamume haingii chumba cha mama yake. Mahali wazazi wanapolala watoto hawapatazami, na wanapolala watoto wazazi hawapatazami. Mtoto wa kwetu huyajua haya kabla hajajua kuhesabu, nami niliyajua kuliko wengi, maana ndimi niliyekuwa nikiwakanya wengine.

Lakini maji yalikuwa yanatiririka kwenye mbao. Zilikuwa mbao nzito. Mwanangu alinunua ubao mmoja mmoja akampelekea fundi, na alipokuja Desemba moja alinieleza kitanda kile kwa mikono, kichwani kina maua haya, miguuni kina hivi. Nikamwambia mume wangu, "Niue, lakini hiki hakilowi." Nikakiingiza. Nikakisimamisha kwa ubavu nyuma ya kabati la vioo, nikakifunika shuka.

Tangu siku ile mume wangu hakukaa tena sebuleni. Alikunywa chai barazani, alikula barazani, alisoma Biblia yake barazani, na chumbani kwetu aliingia kwa mlango wa nyuma. Watu walidhani anapenda hewa. Alikufa baada ya miaka miwili akiwa bado mgeni wa baraza lake mwenyewe, na hakunilaumu hata siku moja. Angenilaumu, pengine ningekitoa.

Kitu kimoja kikikaa mahali pasipo pake, vingine husikia vikaja. Mwanangu mdogo alipojenga nyumba ya matofali ng'ambo ya ua, alileta viti vyake vya zamani: "Mama, weka tu hapo." Binti yangu alipotoka kwa mume wake alileta masanduku mawili, akarudi kwa mume wake bila masanduku. Nami mwenyewe sikutupa kitu. Vikapu vya chai vilivyotoboka, mikebe ya mafuta, madumu yasiyo na vifuniko. Mkebe huu alinipa fulani tulipochuma naye pamoja, yeye amekwisha kufa. Nitautupaje na jina lake limo ndani? Ndivyo nilivyojiambia. Mtu anayekumbuka majina yote hakosi sababu.

Kile kioo cha kinyozi nilikigeuza kikaangalia ukuta, kwa sababu kilikuwa kinazifanya takataka kuwa mara mbili.

Nyumba ilipojaa hadi chumbani, mjukuu wangu na mimi tulihamia jikoni. Tulilala karibu na mafiga, na kusema kweli kulikuwa na joto. Hapo jikoni ndipo nilipomlea. Nilimfundisha kwamba ukiwa kwa watu usimalize kikombe, acha chai kidogo chini, wasiseme umetoka kwenye njaa. Nyumbani maliza. Naye alimaliza! Alikigeuza kikombe juu ya uso, akagonga kitako chake kwa kidole ili sukari iteremke, akaniambia, "Magokoro, tazama, hata nzi hatapata kitu." Magokoro ndivyo tunavyomwita bibi.

Hakuleta rafiki nyumbani. Nilidhani ni mpole. Siku moja, akiwa darasa la sita, mvua iliwafukuza njiani wasichana watatu wakaja wakimkimbilia nyuma, na mmoja, mwenye macho ya haraka, akachungulia kwenye ule ufa wa mlango.

"Kumbe kwenu ni stoo!"

Nilikuwa jikoni, nikasikia mtoto wangu akijibu bila kusita hata kidogo: "Ndiyo. Nyanya yangu anauza fanicha."

Jumatatu mama wa mmoja wao akaja kuniuliza kochi ni bei gani. Nikamwambia limeshanunuliwa, mwenyewe atakuja na gari. Akaenda. Mtoto alikuwa amekaa juu ya kuni akinitazama. Tulikuwa tumekwisha kuelewana kwamba tunaficha.

Aliendelea na masomo, akawa muuguzi, akapata kazi Kisii mjini. Mwaka juzi akaniambia kuna kijana, mwalimu, kwao ni upande wa Nyakoe. Nilifurahi, na papo hapo nikaogopa, kwa sababu nilijua kinachofuata. Siku hizi vijana hukutana kwenye simu, lakini watu wazima hawajaacha mambo yao. Lazima mtu mmoja wa upande wa mume atumwe kuangalia boma la msichana. Sisi humwita esigani. Haji akasema nimekuja kukagua. Huja akasalimia, akanywa chai, akaangalia kama ua umefagiwa, kama watu wanakohoa, kama majirani wanapita langoni au wanazunguka. Akirudi, neno lake ndilo linaloamua.

Nilimwambia mjukuu wangu, "Wakitaka kuja niambie mapema." Nilidhani nikiambiwa mapema nitafanya jambo. Sijui jambo gani.

Esigani alikuja siku ya Jumanne, bila taarifa. Nilikuwa natoka shambani, kikapu cha majani bado mgongoni, nikaona pikipiki imesimama langoni na mwanamke mkubwa anashuka, mwavuli mkono mmoja, mkono mwingine mfuko wa sukari na mkate.

"Hodi hapa! Wenyewe wapo?"

"Wapo. Karibu, mama."

"Mimi ni mtu wa Nyakoe," akasema akicheka. "Nimepita tu."

Hakuna mtu wa Nyakoe anayepita tu Ekerenyo. Nikajua ndiye aliyetumwa; baadaye nikasikia ni shangazi wa yule kijana. Nikaweka kikapu chini, nikatoa kiti cha mbao, kimoja cha vile vinne vya zamani, ambacho hukaa barazani tangu siku za mume wangu. Nikakipangusa kwa kanga.

"Kaa, mama. Hapa kuna hewa."

"Hewa ipo," akasema, akakaa. "Chai yenu imekubali."

"Imekubali. Mvua tu ndiyo haina adabu."

"Kama wakwe!" akasema, akacheka tena, na mimi nikacheka. Alikuwa mtu mzuri, hilo liandikwe. Aliniuliza magoti, nikamuuliza ng'ombe. Nikaenda jikoni kupika chai, na nikiwa jikoni nikasikia mvua ya saa tisa ikianza, kwanza kwenye majani ya migomba, kisha kwenye mabati. Niliporudi na birika alikuwa amekunja sketi, miguu imelowa.

"Mama, mvua inaniosha."

"Sogea huku ukutani."

"Nimesogea mpaka nimekuwa ukuta." Akaushika ule mkate akauweka kifuani. "Tuingie ndani basi. Hata mkate huu ni mgeni, una haki ya kuingia."

Nikasema, "Ufunguo ameenda nao mtoto. Uko Kisii."

Akauliza, "Na wewe unalala wapi?"

"Jikoni kuna joto."

Ningeweza kumwambia twende jikoni. Lakini mkwe anayekuja mara ya kwanza hapelekwi jikoni kama mtoto aliyetumwa chumvi, na huko angeona vitanda vyetu viwili kando ya mafiga. Nikainama kummiminia chai. Ufunguo huwa naufunga kwenye pindo la kanga, kiunoni. Siku hiyo fundo lilikuwa limelegea kwa kubeba kikapu. Ulianguka kwenye saruji, ukalia, ukaruka mara moja, ukatulia kati ya miguu yake na yangu.

Nikaukanyaga.

Yule mama aliutazama mguu wangu. Nilikuwa pekupeku, na ufunguo ule ni mkubwa, wa kufuli ya zamani, ulikuwa unaonekana pande zote mbili za kidole gumba. Kisha akaitazama mvua. Akanywa chai yake polepole, akaacha kidogo chini, akaweka kikombe.

"Mvua imepungua," akasema.

Haikuwa imepungua. Alifungua mwavuli akashuka barazani akaenda zake barabarani kutafuta pikipiki, na mimi nikabaki nimesimama juu ya ule ufunguo hadi nilipoacha kumwona.

Habari zilirudi kwa njia ya mke wa mwanangu mdogo. Ana dada yake aliyeolewa huko Nyakoe, na ulimi wake hauna geti. Alikuja jikoni kwangu Alhamisi, akakaa, akachukua kiazi akakimenya bila kukila.

"Mama, yule mgeni ulimfanya nini?"

"Nilimpa chai."

"Nje. Kwenye mvua." Akaendelea kumenya. "Wanasema huyo bibi anafunga nyumba mchana na ufunguo anao. Anaukanyaga. Wanauliza kuna nini ndani."

"Kuna vitu."

"Mimi najua ni vitu. Wao wanajuaje?"

"Wanasema ni nini?"

Akaweka kile kiazi chini.  Kwetu huku bibi mzee, mjane, anayekaa peke yake na kufungia kitu asichotaka kionwe, watu humpa jina, na jina hilo limeshachoma nyumba za watu. Nililisikia hata bila kutamkwa. 

"Msichana ataachwa," akasema mkaza mwana, sasa kwa sauti ya chini. "Fungua hiyo nyumba, mama. Itoe hewa. Waje waone ni makochi."

Mjukuu wangu alikuja Ijumaa jioni. Alikuwa amekwisha kuambiwa. Sabato tulikwenda kanisani, tukarudi, hatukulisema. Jumapili asubuhi alivaa suruali ya kazi, akafunga kitambaa kichwani, akanyoosha mkono.

"Magokoro, ufunguo."

Nikampa. Alikuwa amepanga yote. Makochi yapelekwe kanisani, kwenye chumba cha vijana. Televisheni kwa fundi soko la Ekerenyo. Mikebe ichomwe. Mwanangu mdogo alikuja kusaidia kwa yale mazito, na kufikia saa tano ua wangu ulikuwa umejaa. Sikujua vitu vile vilikuwa vingi hivyo. Vikiwa ndani vilikuwa vimekumbatiana. Nje, juani, kila kimoja kilisimama peke yake na panya wake. Kochi lilikuwa limeoza mgongo. Kiti cha kinyozi kilikuwa na nywele bado, nyeusi, kwenye mshono wa ngozi. Sitasema nilifanya nini nilipoziona.

Watu waliopita barabarani walipunguza mwendo. "Mnahama?" mmoja akauliza. "Tunafagia!" mjukuu wangu akajibu, akajaribu kucheka. Wakaegemea ua. Aibu niliyoikimbia miaka kumi na minane ilikuwa imekuja na kukaa kwenye nyasi, na ilikuwa mchana kweupe.

Kisha wakasogeza kabati la vioo, na kile kitanda kikaonekana na shuka lake.

Mwanangu mdogo alirudi nyuma hatua mbili. "Hiki bado kiko?"

"Kiko."

"Mama, mimi sikigusi."

Nilijua hatakigusa. Kwetu ndugu akichukua kitanda cha ndugu yake aliyekufa, ni kama amejitangaza kuwa mume wa mjane wake, na mkewe alikuwa amesimama pale pale. Na mjukuu wangu je? Ni kitanda cha baba yake na mama yake. Mkono wake haukifikii. Alikuwa amegeuza uso, anatazama migomba, shingo imekaza.

"Tutaita mtu wa soko," akasema bila kugeuka. "Mtu baki. Akipakie akiuze, akichome, atajua yeye."

Nikasema, "Hapana."

"Basi kipelekwe wapi? Nyumba ya baba haipo."

"Najua haipo."

"Magokoro." Sasa aligeuka. Alikuwa na vumbi usoni na machozi yalikuwa yamechora njia mbili. "Nataka kutoka humu. Nataka wakija kunichukua wanikute katika nyumba uliyonilelea, mlango uko wazi. Miye sina mama hapa, sina baba. Nina wewe na huu mlango. Niambie tu. Ni mimi, au ni kitanda?"

 Mkaza mwana alikuwa ameshika ufagio. Nami nilikuwa na jibu, jibu lilikuwa rahisi, mtoto yeyote angelitoa. Ni wewe, mama yangu. Ni wewe. Lakini niliona mikono ya mtu wa soko ikishika yale maua yaliyochongwa, na kinywa changu hakikufunguka. Nilisimama. Wingu lilitoka upande wa Manga, kama kila siku. Tone la kwanza lilipopiga televisheni, mkaza mwana akasema kwa upole, "Vitalowa," na tukaanza kurudisha vitu ndani.

Havikuingia kama vilivyokuwa. Viliingia kwa haraka, vibaya. Ndiyo maana kochi limesimama nyuma ya mlango hadi leo.

Ndoa haikuvunjika. Kijana yule alisimama imara, na mke wa mwanangu mdogo alimpigia simu dada yake wa Nyakoe, wakalisuka wanavyojua wao: kwamba nyumba ya bibi ina ufa, si salama kwa wageni, kwa hiyo wakwe watapokelewa kwa baba mdogo, kwenye matofali. Walikuja wengi. Mapazia yalikuwa mapya. Nilikaa kwenye kochi la mkaza mwana wangu, mahali waliponiweka, nikapokea salamu. Yule shangazi alinishika kwa mikono miwili. "Mama, magoti je?" "Yapo." "Mungu ni mwema." Alikuwa na adabu, na macho yake yalipita juu ya bega langu.

Mwenye nyumba ndiye anayesema maneno ya kumtoa binti. Alisema mwanangu mdogo, na mkewe akamshika msichana mkono, akampeleka mbele ya wageni. Vigelegele vikapigwa. Mimi pia nilipiga, nikiwa nimekaa.

Kabla hawajapanda magari aliomba dakika kidogo, akavuka ua peke yake kuja kwangu. Nilikuwa nimetangulia. Alikuwa na gauni refu la rangi ya maziwa, lenye nyuzi za kung'aa chini.

"Nataka kuaga ndani, Magokoro."

Nikafungua kufuli. Mlango ukaenda nusu, ukagonga kochi. Akageuka ubavu kama alivyozoea tangu utotoni, akaingiza bega, na msumari wa kochi ukashika gauni. Tulisikia uzi ukikatika. Akatulia. Akarudi nyuma taratibu, akiliinua gauni kwa vidole, akalitazama, akaniambia, "Si kitu. Hapataonekana."

Nikamtolea kiti. Kile cha mbao, hakuna kingine. Nikapangusa. Akakaa barazani alipokaa babu yake, alipokaa yule mama wa Nyakoe, na mimi nikaenda jikoni nikamletea chai.

"Nitakuja Jumapili nyingine," akasema.

"Njoo."

"Nikija nitakusaidia tena. Pole pole. Tutaanza na mikebe."

"Njoo, mama yangu."

Magari yakapiga honi. Akanywa kwa haraka, akafuta mdomo kwa kidole asiharibu rangi, akaweka kikombe chini kando ya kiti, akaniinamia, akaenda.

Nilipookota kile kikombe niliona ameacha chai kidogo chini.